Shingo ya Bi Geuka

Mji mzima ulimjua kwa jina la Bi Geuka, na wengi walidhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kiti cha pembeni ya dereva, mguu ukiwa juu ya breki ya mwalimu, akifundisha watu kuendesha gari, na somo lake kuu lilikuwa moja. Kabla hujaingia barabarani, kabla hujabadilisha njia, kabla hujarudi nyuma hata hatua moja, unageuza shingo na kutazama kwa macho yako mwenyewe. Vioo, alisema, viliwekwa kwenye gari ili watu wajitazame nywele. "Geuka," angesema, na usipogeuka angekanyaga breki yake, gari likasita, na kichwa chako kikaenda mbele na kurudi. "Umeona? Shingo unayo na inafanya kazi. Sasa itumie."

Wengi walimnung'unikia, hasa wale aliowakatalia kwenda kwenye mtihani mara tatu, mara nne. Lakini hakuna aliyeweza kutaja mwanafunzi wake hata mmoja aliyemgonga mtu. Hilo alilijua, na alipenda watu wengine nao walijue.

Sasa, mganga hajigangi. Ulikuwa umepita mwaka mzima bila Bi Geuka mwenyewe kugeuka.

Maumivu yalianzia shingoni, yakashukia begani, yakateremka mkononi mpaka kwenye kidole gumba na cha shahada, na vidole hivyo vikawa na ganzi kutwa kucha. Kwanza alilaumu mto. Akanunua mwingine, akaulaumu na huo. Akalaumu godoro, akalaumu upepo wa dirishani, na asubuhi moja akamlaumu mumewe, fundi mapazia, kwa kukoroma upande uleule kila siku. Mumewe akahamia upande wa pili wa kitanda bila kubisha. Nafuu haikupatikana, ila sasa mkoromo ulimfikia kwa sikio jingine.

Kazini akatafuta ujanja. Alinunua miwani myeusi ili mwanafunzi asione macho yake yanatazama wapi. Akabandika kioo kidogo cha ziada juu ya dashibodi, akasema ni kwa faida ya wanafunzi wazito. Kisha akaendelea kuwaambia watu "Geuka" kwa sauti ileile, huku shingo yake mwenyewe imesimama wima kama nguzo ya umeme. Mtu anaweza kwenda hivyo muda mrefu akiwa na bahati, na bahati ya Bi Geuka ilidumu mpaka siku ya mayai.

Siku hiyo alikuwa anamfundisha mkunga mmoja, mwanamke wa makamo, mtulivu, aliyechoshwa na kufika kwa wajawazito amechelewa kwa sababu ya kutafuta usafiri. Walikuwa wameegesha kando ya barabara, wanataka kutoka. Bi Geuka akatazama kioo chake cha ziada, akaona barabara tupu. "Njia nyeupe. Nenda." Mkunga akageuza shingo kama alivyofundishwa, na hakwenda. Papo hapo baiskeli ikapita ubavuni mwa gari, trei za mayai zimefungwa nyuma mpaka usawa wa mabega ya mwendeshaji, karibu kiasi kwamba walisikia mnyororo wake ukilalamika.

Hapo Bi Geuka angeweza kusema ukweli. Badala yake alisukuma miwani yake juu ya pua, akasema, "Vizuri. Nilikuwa nakujaribu tu."

 Mkunga aliwasha indiketa upya, akaondoa gari taratibu. Bi Geuka alikaa kimya mpaka mwisho wa somo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aanze kazi. Alikuwa anaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Jioni aliwapigia simu wanafunzi wake wote, mmoja baada ya mwingine, akawaambia gari liko gereji. Gari lilikuwa uani, halina hata chembe ya hitilafu. Alijiapia kwamba hatakaa tena kwenye kile kiti mpaka shingo yake igeuke, na isipogeuka, basi ameshakaa mara ya mwisho.

Daktari bingwa wa uti wa mgongo alikuwa kijana aliyewahi kupita mikononi mwake. Alipomwona mlangoni alisimama ghafla mpaka kiti chake cha ofisini chenye magurudumu kikabingiria na kugonga ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiwe. Ulishajifunza kurudi nyuma?"

"Nilishajifunza, Mwalimu."

"Kiti chako kinasema bado."

Mumewe, aliyemsindikiza, alikohoa ili kuficha kicheko. Daktari akakirudisha kiti, akafungua picha kwenye kompyuta, kisha akachukua mfano wa plastiki uliokuwa juu ya meza: fuvu dogo na pingili saba za shingo zilizotungwa kwenye waya.

"Kati ya pingili na pingili kuna diski, ni kama kamto kadogo. Yako ya kati ya pingili ya tano na ya sita imepasuka, na kipande chake kinabana neva inayoshuka mkononi. Ndiyo maana kidole gumba kina ganzi."

"Na mimi nimelaumu mito yote ya nyumbani," alisema Bi Geuka.

"Mmoja uliusahau," alisema mumewe.

Daktari akaeleza kwamba dawa na mazoezi vingewafaa wengi, lakini mkono wake ulishaanza kupoteza nguvu, na hapo hakuna tena kusubiri. "Tunaingilia kwa mbele, hapa kooni, tunaitoa diski mbovu. Nafasi ile haiwezi kubaki tupu. Njia ya kwanza, tunaweka kipande cha kuziba na bamba dogo la chuma, pingili mbili zinaota pamoja zinakuwa mfupa mmoja. Ni njia ya zamani, tunaijua vizuri. Njia ya pili, tunaweka diski bandia. Hiyo inacheza, shingo inaendelea kujikunja palepale."

"Inacheza," alirudia Bi Geuka.

"Inacheza. Na pingili jirani, za juu na za chini, zinapungukiwa na mzigo. Lakini haimfai kila mtu. Inataka mifupa imara, inataka viungo vya nyuma visiwe vimelika, inataka pia..."

Bi Geuka alishaacha kusikiliza. Katika maelezo yote yale alikuwa ameokota neno moja, na hilo lilimtosha. "Nipe hiyo inayocheza."

"Subiri, Mwalimu. Kwanza tupige eksirei ya kuinama. Utainamisha kichwa mbele, halafu utakipeleka nyuma, tuone pingili zinavyotembea. Hapo ndipo tutajua."

Kosa lilizaliwa dakika ile. Mtu mwingine angesikia kipimo. Yeye, ambaye maisha yake yote yalikuwa kufaulisha na kufelisha, alisikia mtihani. Tena mtihani wa kuonyesha kama shingo inaweza kucheza, ili ipewe kitu kinachocheza. Na hakukusudia kufeli.

Jumamosi alikuja wifi yake, dada wa mumewe, karani wa shule mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Alikuja na habari. Mwenzake wa kazini aliwekewa diski bandia, na sasa anacheza muziki mpaka watu wanasogeza viti.

"Wewe wifi usikubali kuunganishwa," alisema akimimina chai ya pili bila kuombwa. "Utakuwa mlango uliopigiliwa misumari. Mtu akikuita barabarani itabidi uzunguke wote, kama kabati linahamishwa."

"Hata sasa nazunguka kama kabati."

"Basi utakuwa kabati lenye skrubu. Ndicho unachokitaka?"

Wifi ni wifi, hata akikupenda lazima akuchome kidogo. Lakini alichosema kilimwingia Bi Geuka, na kesho yake asubuhi mazoezi yakaanza.

Utaratibu ulikuwa huu. Bi Geuka alimeza vidonge viwili vya maumivu, akasubiri nusu saa, akakaa kwenye kigoda katikati ya sebule. Mumewe alisimama mbele yake na futi ya kushonea. Bi Geuka aliinama, mumewe akapima kutoka kidevuni mpaka kifuani.

"Sentimita tano na nusu."

"Jana?"

"Jana ilikuwa saba. Lakini mama watoto, mbona machozi yanakutoka?"

"Wewe soma futi, usinisome mimi."

"Hivi daktari ndiye aliyekuambia ufanye hivi?"

"Mwanafunzi mzuri hasubiri kuambiwa."

Fundi mapazia hakuridhika, lakini kwa miaka thelathini alikuwa amejifunza kwamba kubishana na mkewe kulichukua muda mrefu kuliko kushona pazia la ukumbi. Akaendelea kupima. Siku ya kumi kidevu kiligusa kifua, na Bi Geuka akashinda siku nzima anaimba.

Siku ya eksirei alimeza vidonge vitatu. "Inama mpaka unapoweza, mama," alisema mpiga picha. "Ukisikia maumivu, acha."

"Maumivu gani?" alisema Bi Geuka, akainama. Kidevu kikagusa kifua na kukaa hapo. Alipoambiwa atazame juu alirudisha kichwa nyuma mpaka akahesabu taa zote za dari. Mpiga picha alimwambia hajawahi kuona mgonjwa wa shingo mwenye bidii ya namna ile. Bi Geuka alitoka pale anasalimia watu koridoni, hata wasiomjua, na njiani kurudi nyumbani alimwambia mumewe kwamba vijana wa siku hizi wanaogopa mitihani bure.

Siku mbili baadaye daktari aliwaita. Kwenye kompyuta yake palikuwa na picha mbili bega kwa bega.

"Mwalimu," alisema, "umefaulu mpaka umefeli."

Akaweka ncha ya kalamu juu ya picha ya kwanza. "Hapa umekaa wima. Pingili ya tano imekaa sawasawa juu ya ya sita. Sasa hapa umeinama. Unaiona ya tano? Imeteleza mbele, milimita nne. Mishipa inayozishikilia imelegea. Diski bandia inacheza, ila haishikilii kitu. Nikiiweka hapo itacheza pamoja na mfupa unaoteleza, na nyuma ya mfupa huo ndipo inapopita kamba kuu ya neva ya mgongo. Siwezi. Hapa panatakiwa kuunganishwa."

 Feni ya dari ilizunguka juu yao, na nje mtu alikuwa anaitwa kwa namba.

"Lakini kuna jambo silielewi," aliendelea daktari. "Wenye shingo kama yako huinama kidogo tu, maumivu yanawazuia. Wewe umeinama kama mwanasarakasi."

Mumewe akatazama viatu vyake. Bi Geuka akamtazama mumewe, kwa macho tu.

"Nilimeza vidonge," alisema.

"Vingapi?"

"Vitatu. Na tulifanya mazoezi siku kumi."

"Tulikuwa tunapima kwa futi," mumewe aliongeza, kwa sauti ya mtu anayetubu.

Daktari akavua miwani yake. Kwa mara ya kwanza alisahau kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi. "Mwalimu, ungenikuta nimeandika majibu kiganjani, ungenifanya nini?"

"Ningekushusha garini."

"Basi nakushusha. Mfupa unateleza mbele ya kamba kuu ya neva, na wewe unausukuma kila asubuhi. Ungeweza kuamka siku moja huna mikono wala miguu. Hakuna zoezi tena, hata moja." Akavuta pumzi, akavaa miwani. "Nikuambie na hili pia, maana ni haki yako. Ungeinama kidogo kama wenzako, huenda nisingeuona huu mtelezo. Ningekuwekea ile uliyoitaka."

Bi Geuka alikuwa amefelisha mamia ya watu huku akimwambia kila mmoja kwamba ni kwa faida yake. Sasa alitambua kwamba ukiwa wewe unayefelishwa, faida hiyo huioni hata kwa darubini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Akauliza lile moja tu alilotaka kujua.

"Nikiunganishwa, nitageuka?"

Daktari akachukua ule mfano wa plastiki, akaligeuza fuvu kushoto, kulia. "Tazama. Ukigeuza kichwa, karibu nusu ya kazi inafanywa na hizi pingili mbili za juu kabisa, na hizo sizigusi. Hapa ninapounganisha panachangia kidogo tu. Kinachokuzuia leo ni maumivu, na hayo natarajia kuyaondoa. Lakini utapungukiwa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hilo siwezi kukuapia, Mwalimu."

Wifi alipata habari kabla hawajafika nyumbani, kama kawaida yake, na jioni alikuwa ameshaleta kikaratasi chenye namba ya simu. Katika mji mwingine, saa nne kwa basi, kulikuwa na daktari anayeweka diski bandia kwa kila anayeitaka. "Hana maneno mengi huyo," alisema wifi. "Hajawahi kumkataa mtu." Alisema kwa nia njema kabisa, na Bi Geuka alikipokea kikaratasi kwa mikono miwili.

Siku mbili alikaa nacho kwenye mkoba. Alikuwa anaogopa, hakuna haja ya kulizungusha jambo hili. Hakuogopa kisu. Aliogopa kwamba ataamka na shingo isiyofika inapotakiwa kufika, na kile kiti kitakuwa cha mtu mwingine, na hakujua yeye ni nani asipokuwa kwenye kile kiti. Mara mbili alianza kuipiga ile namba, mara mbili akakata kabla haijaita.

Siku ya pili alasiri aliingia chumba cha kushonea. Mumewe alikuwa anapinda pindo la pazia refu la kijani lililojaa mapajani mwake na kumwagika sakafuni. Bi Geuka akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akamwambia kile ambacho hakuwa amemwambia mtu. Alimwambia habari za mayai, miwani myeusi, kioo cha ziada, na ule uongo aliomwambia mkunga. Mumewe hakusimamisha cherehani, kwa sababu pindo haliachwi katikati. Alipofika mwisho alikata uzi.

"Kwamba hugeuki, nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kwani unafikiri kwa nini nilihamisha cherehani?"

"Ulisema unafuata mwanga."

"Mwanga uko kule dirishani, nilikotoka. Huku ni giza, nimejichoma sindano mpaka nimezoea. Nilihamia hapa ili ukifungua mlango unione bila kujisumbua."

Bi Geuka akaliangalia dirisha lililokuwa mbali, na meza tupu chini yake, kisha akamwangalia mumewe aliyeinamia balbu ndogo. Machozi yakamtoka, na safari hii hapakuwa na futi ya kusingizia. Alijua kwamba alipendwa. Hakujua alipendwa kwa uangalifu wa namna ile, na ukimya wa namna ile, mwaka mzima.

"Na hukusema neno," alisema.

"Ungeniambia nimekosea."

"Ningekuambia." Akajifuta macho kwa upindo wa pazia la mteja. "Sasa nifanyeje? Kuna huyu daktari wa wifi. Anasema hajawahi kumkataa mtu."

Alipolitamka kwa mdomo wake mwenyewe, akasita. Watu wa namna hiyo aliwajua. Upande wa pili wa mji kulikuwa na shule ya udereva ambayo haikuwahi kumfelisha mtu. Ukumbi wake ulikuwa na viyoyozi, walimu wake walitabasamu kutwa, na Bi Geuka aliwatambua wanafunzi wake wote kwa namna walivyoingia kwenye mzunguko wakiwa wamefumba macho. Yule kijana wa hospitali alikuwa anamwogopa tangu alipokuwa mwanafunzi wake, na bado alimkatalia akimtazama usoni.

"Asiyemkataa mtu hajamtazama mtu," alisema polepole.

Mumewe alimwangalia, sindano mkononi.

"Mbona unaniangalia?"

"Nasubiri umalize."

"Basi nimemaliza. Naunganishwa." Alikubali shingo upande, ambao kwa wakati ule ndio upande pekee uliokuwa umebaki.

Upasuaji ulichukua saa mbili na ushee. Alipozinduka, kitu cha kwanza alichofanya ni kusugua kidole gumba kwa cha shahada. Akasugua tena. Ganzi haikuwepo, na vidole vilikuwa vyake. Alitaka kuitangazia wodi nzima, lakini sauti haikutoka, na daktari akamkumbusha kwamba koo lilisogezwa kando na sauti itarudi yenyewe baada ya siku kadhaa. Ilichukua wiki mbili. Wiki mbili hizo Bi Geuka alinong'ona, na mumewe aliwaambia majirani kwamba hatimaye ameipata fungate yake. Wifi alikuja kila siku na chupa ya supu, akaongea kwa niaba ya wote watatu. Alipouliza kama ile namba ya simu ilisaidia, Bi Geuka aliandika kwenye daftari: "Sana, wifi yangu. Bila hiyo nisingekata shauri." Wifi alifurahi, na hakuna aliyeona sababu ya kumweleza zaidi.

Kola ya shingo aliivaa wiki sita. Mwezi wa tatu eksirei ilionyesha mfupa umeanza kuota, pingili ya tano imetulia mahali pake. Daktari akavuta fomu ya afya ya walimu wa udereva, akafungua kalamu.

"Hujanipima," alisema Bi Geuka. Sauti ilikuwa imerudi yote.

"Mwalimu, shingo yako naijua ndani na nje. Nimeishika kwa mikono yangu."

"Hujanipima, mwanangu. Karatasi ya kupewa siitaki."

Kwa hiyo daktari akasimama nyuma yake, akainua vidole, mara upande huu mara ule, na Bi Geuka akageuka. Upande mmoja aliviona vyote. Upande wa pili shingo ilikwenda vizuri, haina maumivu, kisha ikafika mahali ikasimama, kwa adabu, kabla ya pale ilipozoea kusimama zamani. Alimalizia kwa kiuno.

"Vitatu," alisema.

"Ni vitatu. Ila nimekiona kiuno."

"Basi kiandike. Andika kwamba upande huu anamalizia kwa kiuno."

Daktari akaandika hivyo hivyo, akatia saini.

Mwanafunzi wa kwanza kurudi alikuwa mkunga. Miezi minne alikuwa amesubiri, ingawa mji haukukosa walimu. Alikaa nyuma ya usukani, akarekebisha kiti, akafunga mkanda. Bi Geuka alimzuia kabla hajawasha gari. Usiku uliotangulia alikuwa ameyapanga maneno vizuri, na sasa yote yalimpotea.

"Siku ile ya mayai," alisema, "sikuwa nakujaribu. Sikumwona yule mtu. Ningekuwa na mwanafunzi mwingine tungemgonga. Nilikuwa sigeuki, mwaka mzima, na nilikudanganya."

Mkunga hakuondoa macho barabarani. "Nilijua, Mwalimu."

"Ulijuaje?"

"Ungekuwa unanijaribu, mguu wako ungekuwa juu ya breki. Niliuangalia. Ulikuwa umeuweka chini, umetulia kabisa."

Bi Geuka akautazama mguu wake. Hilo hata yeye hakuwa amelijua. 

"Na bado umerudi kwangu," alisema.

"Nilirudi kuona kama utaniambia."

"Na ningenyamaza?"

"Ningemaliza somo la leo, nikashukuru, nikatafuta mwalimu mwingine." Mkunga akawasha gari. "Umeniambia. Tuendelee."

Indiketa ikaanza kugonga. Mkunga akageuza shingo, na Bi Geuka akageuza yake. Iliondoka bila kuuma, ikapita pale ilipokwama mwaka mzima, ikafika ukomo wake mpya, na yeye akaongeza kiuno kidogo mpaka akaiona barabara yote nyuma yao, ukingo, mfereji, lango la jirani, na juani katikati ya njia kiumbe mwenye mistari anayetembea bila haraka yoyote.

"Kuna paka," alisema Bi Geuka.

"Nimemwona," alisema mkunga.

Wakamsubiri apite.